Njia ya maji si kiwanja: barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya ardhi ya Bukavu

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaosimamia jimbo la Kivu ya Kusini na mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ninyi viongozi wa komini za Ibanda, Kadutu na Bagira, ninyi wa ofisi za viwanja na za mipango ya mji, pamoja na Bami, yaani wafalme wa jadi, wa Kabare na Ngweshe ambao ardhi yao inaanza pale mji unapoishia. Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari ya Kadutu, na nawaandikia sasa, katika miezi ya jua, kwa sababu Septemba mvua zitarudi, na tangu hapo hadi Mei sisi tunaoishi kwenye mteremko tutakuwa tunalala sikio moja likiwa juu ya bati.

Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba ufa umetokea kwenye sakafu ya nyumba yao. Nilikwenda na wenzake watano. Tulipigilia vigingi viwili vya mti ardhini, kimoja kila upande wa ufa, tukaweka msumari juu ya kila kigingi, tukapima kwa rula umbali kati ya misumari hiyo miwili, na tangu siku ile kila Jumatatu mmoja wa wanafunzi hupima na kuandika katika daftari. Juni, Julai na Agosti namba haibadiliki. Mvua zikianza, inaongezeka kidogo kidogo, unene wa ukucha kwa wiki. Kisha, usiku mmoja wa Novemba, mvua ilinyesha kuanzia saa mbili hadi alfajiri, na asubuhi yake kiganja cha mtoto kiliweza kuingia katika ufa. Kufikia Aprili mlango ulikuwa haufungiki tena kwa kuwa fremu imepinda. Mama wa nyumba hiyo anaufunga kwa kamba ya katani, na upande wa chini wa chumba watoto hawalazwi. Bado wanaishi humo. Nilipomuuliza kwa nini hawahami, alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni: «Mwalimu, tuhamie wapi?»

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike, maana hata mimi sikuwa na jibu, na naamini kwamba jibu liko mikononi mwenu.

Mlima wetu una tabia zake, na tabia hizo zinajulikana. Chini yetu kuna mawe ya volkano za kale ambayo mvua na joto vimeyaozesha kwa muda mrefu hata yakawa udongo mfinyanzi mwekundu, mzito, unaonata. Ukiwa mkavu unabeba nyumba. Ukilowa hadi ndani unakuwa mzito zaidi na wakati huohuo unateleza, na tabaka la juu linaanza kutembea juu ya tabaka la chini kama mkeka juu ya sakafu iliyomwagiwa maji. Mti unalizuia hilo kwa njia mbili: mizizi inashika udongo, na majani yanapokea mvua na kuiteremsha taratibu. Tunapoukata mti, tukachimba kitako cha mlima ili kupata mahali tambarare pa kujenga, tukaondoa udongo uliokuwa ukiushikilia mteremko wote wa juu, na kisha tukachimba choo kinachoingiza maji ndani kabisa, tumefanya mambo matatu yanayosaidiana kuangusha nyumba, na mara nyingi inayoanguka si yetu bali ya jirani wa juu. Tusisahau pia kwamba tuko ndani ya Bonde la Ufa: tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka hapa Bukavu, na wengi wetu tunakumbuka kuta zilizoanguka siku ile ya Jumapili.

Wengi hawajafanya hesabu ya paa, ingawa ni rahisi. Nyumba ndogo ya Kadutu ina paa la mita za mraba 30 hivi. Mvua moja nzito ya milimita 40 ikilinyeshea, paa hilo peke yake linamwaga lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20. Msitu ungekunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati halinywi hata tone. Paa 100 juu ya mteremko mmoja humwaga bidoni 6,000 kwa mvua moja, zote zikikimbilia kijia kilekile kati ya nyumba, kijia kinachokuwa mfereji, mfereji unaokuwa korongo. Na katika nyumba hizohizo, waheshimiwa, akina mama na wasichana wanaamka saa tisa za usiku kwenda kungoja maji kwenye bomba ambalo huenda lisitoe kitu. Maji yanatuua kwa wingi wake nje na yanatutesa kwa uhaba wake ndani, katika uwanja mmoja, wiki moja.

Yapo maneno yanayosemwa mara kwa mara, hata ofisini, kwamba watu wa mabondeni ni wakaidi. Naomba tuangalie walikotoka. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, wakoloni walijitwalia rasi zile tano zinazoingia katika ziwa Kivu, wakawaweka wafanyakazi Kadutu, na katika miaka ya 1950 wakajenga nyumba za Bagira; miteremko mingi mikali ilibaki na miti na nyasi. Ulikuwa mji uliopangwa kwa ubaguzi, nami siutamani urudi, lakini ulipangwa kwa watu wachache kuliko sisi. Leo makadirio yanasema tumepita milioni moja, ndani ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 60, tukiwa tumezuiwa na ziwa kaskazini, na mto Ruzizi na mpaka wa Rwanda mashariki, na milima nyuma yetu. Idadi hiyo haikutokana na uzazi peke yake. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata. Na tangu hapo kila kijiji kilichochomwa Kalehe, Shabunda, Mwenga au Walungu kimetuletea familia zilizokuja na godoro na sufuria, zikapanga chumba, kisha zikatafuta kipande cha ardhi kwa bei wanayoweza. Kipande cha bei hiyo kipo mahali pamoja tu, kwenye mteremko au ukingoni mwa mto. Kwa hiyo natamka waziwazi ninaloamini: usalama wa mkulima katika shamba lake kule Kalehe ni kinga bora ya mlima wa Kadutu kuliko ukuta wowote wa mawe tutakaoujenga, na mtu anayepanga mji huu bila kufikiria vijiji anapanga nusu yake tu.

Nako vijijini ardhi imebana. Bushi, nchi ya Bashi inayouzunguka mji wetu, ina watu wengi tangu zamani, na vilima vyake vingi vizuri viligeuzwa mashamba makubwa ya chai, kahawa na kwinini tangu enzi za ukoloni, wananchi wakabaki na vipande ambavyo kila kizazi kinavigawa tena. Baba aliyekuwa na migomba na maharage ya kulisha watoto saba aliwarithisha watoto wake saba migomba kumi kumi. Mmoja alibaki. Sita wako Bukavu.

Sasa naomba mnifuate kuteremka na maji, kwa sababu mambo yanayoshughulikiwa na ofisi mbalimbali yanaungana huko chini. Korongo la mtaa wetu linamwaga matope na taka katika mto Kawa, nao Kawa unaingia ziwani. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanajua jinsi maji yanavyobadilika rangi karibu na mlango wa mto baada ya mvua, na jinsi chupa na mifuko inavyonasa katika nyavu. Sehemu ya taka hizo inasukumwa hadi pale ziwa linapotokea, kwenye Ruzizi, na kilomita chache baadaye inalikuta bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Ruzizi II, la mwaka 1989, linalotumiwa na nchi tatu. Plastiki inaziba njia za maji, mitambo inasimamishwa ili isafishwe, na taa zinazimika. Amri ya Desemba 2017 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ipo, lakini mifuko bado inauzwa sokoni mchana kweupe. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, mahali tunapopaona kwa macho, jambo hilo lilikatazwa mwaka 2008 na likasimamiwa.

Umeme ukizimika, au ukiwa ghali, au ukiwa haujafika kabisa kama ilivyo kwa nyumba nyingi za pembezoni, mama anarudi kwenye makala, yaani makaa ya miti. Gunia la makala linateremka kutoka upande wa Kabare na Kalehe, na sehemu yake inatoka ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, msitu uliotangazwa hifadhi mwaka 1970, ukapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba zipatazo 6,000, ukaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 uko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wanaujua kwa sababu ya sokwe. Mimi ningependa uongozi uujue pia kama tangi letu la maji: milima hiyo yenye msitu inapokea mvua, inaihifadhi, inaitoa polepole katika mito inayoteremka upande wa Kabare, nao mji unakunywa maji ya mto Murhundu yanayosafishwa na Regideso, shirika la maji la Serikali. Vilima vya huko vikibaki uchi, mito inajaa tope wakati wa mvua na inapungua wakati wa jua, na bomba la Kadutu linakauka. Basi mfuko wa plastiki uliotupwa korongoni na bomba lisilotoa maji ni jambo moja lililozunguka kupitia ziwani, mitamboni, jikoni na msituni. (Niseme pia kwamba msitu haukulindwa vema ulipolindwa kwa kuwafukuza Batwa, wenyeji wa msitu huo, waliotolewa humo katika miaka ya 1970 bila kupewa ardhi nyingine inayofaa. Waliokuwa wakiujua zaidi waliachwa nje ya lango, na uchungu huo haujaisha.)

Mtaniuliza kama mimi mwenyewe sina lawama. Ninayo. Nilipooa nilinunua kiwanja, parsele kama tunavyosema hapa, upande wa juu wa mtaa mmoja ambao sitautaja. Kilikuwa na nyasi ndefu katikati na mawe laini ya duara, na mimi niliyesomea jiografia nilipaswa kujua kwamba mawe laini ya duara yamesuguliwa na maji. Lakini nilionyeshwa karatasi yenye mhuri na sahihi mbili, mpimaji alikuja na utepe wake akapima, nikalipa, nikaamini karatasi kuliko macho yangu. Mvua za pili zilichukua jiko na ukuta wa nyuma. Nilipopeleka shauri langu katika ofisi iliyonipa karatasi ile, niliambiwa kwamba yule aliyetia sahihi amehamishwa, na kwamba kama ninataka kujenga tena nitahitaji karatasi nyingine, ya kulipia. Baadaye, mzee mmoja wa pale aliniambia kwamba babu yake alikuwa akinywesha ng'ombe katika kiwanja changu.

Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, nayo katiba ya 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya na inaiwajibisha Serikali kuyalinda. Kama ardhi ni mali ya Taifa, basi njia ya maji iliyouzwa iliuzwa kwa jina la Taifa, na mnunuzi aliyeishia matopeni hawezi kubebeshwa lawama peke yake. Nasema hivi kwa sababu kila maafa yanapotokea tunasikia tangazo la kuwataka watu waondoke mabondeni, na pengine nyumba kadhaa zinabomolewa mbele ya kamera, lakini sijawahi kusikia kwamba karatasi ya mahali hapo imefutwa na aliyeitoa ameitwa aeleze.

Ninaomba, kwanza na juu ya yote, uuzaji wa njia za maji ukome mara moja. Wataalamu wa vyuo vikuu vyetu vya hapa wamesoma miteremko hii kwa miaka mingi, na maporomoko ya zamani, kama lile kubwa la Funu, yanajulikana. Kazi iliyobaki ni kuitoa ramani kabatini na kuichora ardhini: nguzo zilizopakwa rangi kando ya kila korongo na kila mto, na orodha ya avenyu, yaani mitaa midogo, zisizoruhusiwa kujengwa ibandikwe kwenye mlango wa kila komini, kwa Kiswahili, ili hata mtu aliyeshuka jana kutoka Shabunda aweze kusoma au kusomewa kabla ya kutoa pesa yake. Shefu wa avenyu anamjua kila anayejenga; apewe wajibu na apewe pia mahali pa kushtaki anapolazimishwa kunyamaza.

Lakini msimwondoe mtu kabla hamjampa mahali. Hapa nawageukia Bami, na wenye mashamba makubwa, na serikali pamoja nao. Tambarare ipo upande wa Mudaka, Miti na Kavumu. Baadhi ya mashamba ya zamani yamelala bila kulimwa vizuri. Ardhi ikizungumzwa kwa uwazi, kwa fidia inayokubalika na bila kumnyang'anya mkulima mdogo ili kumpa mtu wa mjini, familia zilizo juu ya nyufa zinaweza kuhamia huko. Mpangilio wa kazi ndio utakaoamua kama watabaki: barabara, maji, shule na kituo cha afya vianze, watu wafuate, na usafiri wa kuja mjini uwe wa bei ambayo muuza ndizi anaimudu. Ukimpeleka mama mbali na soko lake bila gari la kumrudisha, baada ya miezi mitatu utamkuta korongoni, katika kibanda kibovu kuliko cha kwanza, na hatakuwa mkaidi. Atakuwa anatafuta chakula cha watoto.

Kwa nyumba zinazoweza kubaki, nafuu ipo na si ya mabilioni. Mifereji ya bati ukingoni mwa paa na pipa au tangi la kupokea maji vingepunguza kwa pamoja mbio za maji mlimani na safari za usiku za akina mama. Komini iweke sharti hilo katika kila ruhusa mpya ya kujenga, na isaidie kaya maskini za miteremko iliyo hatarini zaidi, hata kama ni kwa mkopo wa kulipa polepole. Mianzi ipandwe kingo za makorongo. Salongo ya Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya usafi, ambayo leo mara nyingi inahamisha taka kutoka barabarani kwenda kwenye mtaro, ipewe gari la kuzibeba na mahali pa kuzimwaga. Na njia za kupita zitunzwe, kwa sababu katika miezi hii ya jua msongamano uleule wa nyumba unageuka kuwa moto: Kadutu inaungua karibu kila mwaka, na gari la kuzima moto linasimama barabarani likitazama moshi, haliwezi kuingia.

Kuhusu makala, sitaomba yakatazwe, kwa maana kukataza bila kuweka kitu badala yake kutampandishia mama bei na kumpa askari wa kizuizini pato jipya. Naomba umeme wa kupikia uwe wa bei ya maskini mahali ulipofika, na naomba Kabare na Kalehe wasaidiwe kupanda miti ya kukata, ili msitu mkubwa upumzike.

Mwisho, ofisi ya viwanja, ofisi ya mazingira, Regideso, shirika la umeme la SNEL, wasimamizi wa hifadhi na Bami waketi meza moja angalau kila mwezi wa mvua, na wanaoishi kwenye miteremko wawe na kiti katika meza hiyo. Tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji yaliteremka na mawe yakazika vijiji. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena. Sisi tuna milima ya namna hiyo, mvua ya namna hiyo, na watu wengi zaidi chini yake.

Daftari la Jumatatu liko shuleni. Lina nyufa nne sasa, maana majirani wa yule mwanafunzi waliomba wapimiwe pia, na namba za miaka mitatu zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, pamoja na mvua ya kila wiki iliyopimwa katika kopo la maziwa. Kama ofisi yoyote kati yenu inaweza kumtuma mpimaji mmoja kabla ya Septemba kuja kutazama nyumba hizo nne na kutuambia ipi ihamwe kwanza, wanafunzi wangu watampokea getini na kumwonyesha njia. Nami, nikishapata jibu lenu, nitamrudia yule mama aliyeniuliza wahamie wapi.

Kwa heshima na matumaini,

Mwalimu wa jiografia, Kadutu, Bukavu